Pilau tamu, noti baki nayo: hoteli moja ya Ngong Road isiyochukua keshi

Naanza na pilau kwa sababu pilau haina makosa. Inakuja kwa sahani ya udongo, mchele umeachana punje kwa punje, nyama ya mbuzi imeiva mpaka mfupa unatoka wenyewe, kachumbari pembeni na ndizi mbivu moja, na hio ndizi ndo ilinionyesha mpishi ni mtu wa Pwani ama alifunzwa na mtu wa Pwani. 650. Kwa Ngong Road hio bei si mbaya, kuna mahali huko juu unauziwa wali wa rangi ukiitwa pilau kwa 900 na unaambiwa karibu tena. Kuku wa kienyeji na ugali 950, chai ya maziwa 200 na ni chai kweli, imechemshwa pamoja, sio yale maji moto yenye pakiti ya majani inayoning'inia nje ya kikombe. Choo safi, sabuni iko. Wahudumu wana adabu. Sasa mbona nimewapa nyota tatu peke yake? Ngoja nieleze, maana nimekasirika na hasira yangu ina hesabu.

Hii hoteli haichukui keshi. Sio ati wanapendelea simu, la, hawachukui kabisa. Kuna kibao kwa kaunta, kingine kwa meza chini ya kioo, kimeandikwa vizuri na maua: M-Pesa na kadi tu. Kwa mlango hakuna, na hapo ndo shida inaanzia, kwa sababu unakijua hicho kibao ukishaketi, ama kama sisi, ukishakula. Jina lao sitaliweka, walio maeneo ya Adams watajua nasema akina nani, na pia sitaki kumharibia kazi yule dada aliyetuhudumia.

Kabla mtu aseme huyu ni mzee anaogopa teknolojia: nauza viatu vya mitumba soko la Toi, huu mwaka wa kumi na moja, na till namba yangu, ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa, imening'inia juu ya raba ukiingia tu. Nusu ya wateja wangu, wacha niseme zaidi ya nusu, wanalipa kwa simu. Naipenda. Zamani Jumapili jioni ilikuwa unafunga kibanda na elfu ishirini kwa soksi unatembea haraka ukiangalia nyuma kama mwizi na wewe ndo mwenye pesa, saa hizi natembea na simu na kitambulisho. Chenji haisumbui. Mnakumbuka ile ya dukani, unadai shilingi tano unapewa peremende mbili na hakuna mtu amekuuliza kama unakula peremende? Hio imeisha. Na sakko ilinipa mkopo wa kwanza kwa kuangalia tu vile till inaingiza kila mwezi, bila mdhamini, kitu ambacho daftari langu la mkono halingefanya hata ningeandika kwa wino wa dhahabu. Kwa hivyo nikisema kitu kibaya hapa chini mjue nasema kama mtu wa ndani.

Sasa siku yenyewe. Anti yangu, dadake mama, alikuwa amekuja kutoka mji wa Wote kwa kliniki ya macho. Anti ni fundi cherehani na ndiye mweka hazina wa chama chao, M-Pesa anaijua kuniliko, alijiandikisha kitambo wakati watu wengi kijijini walikuwa bado wanatuma pesa kwa bahasha na kumpa dereva wa basi na kuomba Mungu. M-Pesa ilianza Machi 2007 na yeye hadi leo anaweza kukuambia salio la chama bila kuangalia. Lakini akija Nairobi simu yake anaiacha nyumbani. Aliwahi kuchomolewa simu kwa mfuko pale mjini, na laini ilikuwa na pesa za wanawake kumi na wanane, akaapa hatarudia. Kwa hivyo Nairobi anakuja na noti, amezifunga kwa pindo la leso, fundo mbili.

Tukala. Kuku, pilau, chai mbili, juisi moja ya embe ya 250. Jumla 2,250. Anti akaniambia weka simu chini, wewe umenizungusha kliniki tangu asubuhi, leo nalipa mimi. Akafungua leso polepole, akatoa noti tatu za elfu, akazinyoosha kwa meza na kiganja vile fundi ananyoosha kitambaa.

"Pole mama, hatupokei keshi."

Anti akaangalia noti, akaangalia yule dada, akainua moja kwa mwanga wa dirisha. "Kwani hii ni bandia? Si hii ni KICC imechorwa hapa?"

"Si bandia mama. Ni sistemu."

"Sistemu inakataa pesa ya Kenya?"

Yule msichana hakuwa na jibu na kusema ukweli hata mimi sikuwa nalo. Noti imetolewa na Benki Kuu, ni pesa halali ya nchi, hizi mpya tulibadilishiwa 2019 kwa kelele kubwa, tukaambiwa zile elfu za zamani mwisho wake ni Septemba 30 ya mwaka huo, tukapiga foleni benki, alafu unaketi Ngong Road umeshiba unaambiwa pesa yako haina kazi. Wakampa ushauri: avuke barabara kwa wakala, adipozi, alafu alipe. Kwa laini gani, na iko Wote? Na mwanamke ametoka kuwekewa dawa ya macho, anaona barabara kama moshi.

Basi nikasema yaishe, nitalipa mimi kwa simu, anti anipe noti. Nikasomea kaunta namba yangu, prompti ikaruka, nikaweka pin, meseji ikaja kwangu, 2,250 imetoka, imethibitishwa, saa na dakika. Nikainuka. Dada wa kaunta akaangalia tableti yake akasema bosi ngoja kidogo, haijaingia kwa sistemu.

Kidogo gani. Dakika tano. Kumi. Nikaonyesha meseji, akasema meseji hawakubali lazima waone upande wao, na hapa nitakuwa mkweli, nilimwelewa. Mimi mwenyewe mwaka juzi nimepoteza jozi mbili za buti kwa kijana aliyenionyesha meseji ya uongo ameitengeneza vizuri na jina langu likiwa ndani, tangu siku hio nangojea simu yangu ilie ndo nafunga mfuko. Lakini mimi simu yangu isipolia nina njia ya pili, namwambia mteja una keshi? Hawa hawana njia ya pili. Njia ya pili walikuwa nayo iko pale mezani karibu na ganda la ndizi, elfu tatu, na hawawezi kuigusa.

Meneja akaja. Kijana mpole, shati limepigwa pasi. Akapendekeza nilipe tena, ile ya kwanza itarudi yenyewe baada ya saa 24. Yenyewe! Kama kondoo. Nikamuuliza kama itarudi yenyewe mbona wewe usiisubiri na mimi niende, akacheka lakini hakuenda popote na mimi pia sikuenda. Tukiwa tumengojea ndo akanieleza kwa nini walitoa keshi: makeshia wawili walitoroka na mauzo ya wikendi kwa miezi tofauti, na kila Jumatatu alikuwa anabeba mfuko wa pesa kwa miguu hadi benki na moyo kwa mdomo. Nikamwonea huruma kabisa. Hio ni shida ya kweli. Lakini angalia venye ameitatua, ameitoa kwa bega lake akaiweka kwa bega la anti yangu. Sasa mezani ndo kuna mtu moyo uko kwa mdomo, na huyo mtu ndiye mteja.

Dakika arobaini. Tableti ikalia tini, imeingia. Hakuna aliyesema samahani isipokuwa yule dada wa kwanza.

Hesabu sasa. Gari la saa tisa la Wote liliondoka tukiwa tunaangalia tableti. Tulipofika stage ilikuwa inaelekea saa kumi na moja na mnajua stage za Nairobi jioni, nauli ilikuwa imepanda mia mbili bila mtu kuuliza kwa nini. Alafu chenji. Anti alinipa elfu tatu nikawa na deni lake la 750, mimi sina noti ndogo na hoteli haina hata shilingi ya kunichenjia, kwa hivyo nikamtumia hio 750 kwa laini yake iliyoko nyumbani, shilingi 13 ya kutuma. Na akitaka kuitoa kwa wakala huko Wote ni 29. Yaani 750 ya anti iliyokuwa noti mkononi mwake asubuhi, ikirudi kuwa noti itakuwa imeliwa shilingi 42. Ndani ya hizo ada kuna ushuru wa serikali pia, ulipandishwa ukafika 15% na sheria ya fedha ya 2023, na mwaka uliofuata mswada ulitaka ufike 20% kabla ya vijana kujaza barabara Juni ile na mswada ukarudishwa.

Watu wananiambia shilingi 42 ni nini. Ni kitu. Noti ukimpa mtu elfu, anapata elfu, na huyo akimpa mwingine, elfu, inaweza kuzunguka Toi yote kuanzia kwa mama chapo mpaka kwa fundi wa zipu na jioni bado ni elfu. Ya simu inachapwa kidogo kila inapopita. Mimi mwenye till nakatwa 0.55%, yaani kwa kila elfu shilingi tano na senti hamsini, mteja haoni hio anadhani ni bure. Sio nyingi na mimi nailipa kwa roho safi kwa sababu ya zile soksi nilizowaambia. Lakini naichagua.

Kuna wenye watasema keshi inakufa tu, zoea. Hio tumeiskia. 2014 serikali ilisema matatu zote zitaacha keshi, kuanzia Julai ni kadi. Mnazikumbuka kadi? Kulikuwa na ile ya BebaPay ya Google na Equity, na zingine, konda ameshika kimashine anakibonyeza kama anaita simu. Kadi yangu bado iko kwa droo na shilingi 80 ndani, BebaPay ilizimwa 2015. Waliotengeneza waliangalia abiria wakasahau konda, na konda ndo anakunywa chai kwa zile noti, ananunua mafuta kwa zile noti, na ile "ya polisi" sijui ingetoka kwa kadi gani. Mpaka leo ukipanda gari ya Kawangware konda amezikunja noti kwa urefu, amezipanga katikati ya vidole kwa rangi, hamsini huku, mia huku, anachenjia watu kumi na wanne gizani akiwa amening'inia mlangoni. Siku hizi pia unaweza kumtumia kwa simu kama huna noti. Zote mbili ziko na gari linaenda. Kilichobadilisha watu kweli haikuwa amri, ilikuwa korona, Machi 2020 ada ikatolewa kwa kutuma hadi elfu moja, mpaka mwisho wa mwaka, mama mboga wote wakazoea na hata ada iliporudi hatukurudi nyuma. Kitu kikiwa rahisi na bei nafuu watu wanaenda wenyewe, hakuna haja ya kibao.

Na siku mambo yakizima? Julai 2023 eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ilishambuliwa, watu wakakwama, wa pasipoti, wa leseni, wa tiketi za treni ya SGR mtandaoni. Mwezi uliofuata tarehe 25 usiku stima ikapotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Ile usiku nilinunua mishumaa na mkate kwa duka la mtaa kwa noti ya mia mbili na tochi ya simu ikiwa imebaki asilimia nne. Ingekuwa ni hii hoteli ningelala njaa. Hata Uswidi, hao ndo walitoa noti za kwanza Ulaya mwaka 1661 na leo mtu anaweza kumaliza mwezi bila kuzishika, hao hao serikali yao inawaambia raia wawe na noti kidogo nyumbani kwa siku ya dharura. Sisi wa tokeni za stima na bando za saa moja tunajifanya tumewapita.

Narudi kwa hoteli, kuna jambo la yule dada sijalimaliza na ndilo limenikaa zaidi. Tukiwa tunangojea tableti anti alikuwa anamwangalia aproni. Aproni nzuri ya kijani. Akaniambia kwa sauti ya chini, hio aproni ilikuwa na mfuko, umeshonwa ukafungwa, uzi wa pili sio wa rangi moja na wa kwanza. Nikaangalia, kweli, kamstari ka uzi mweusi juu ya kijani. Nikamuuliza dada polepole akasema ndio, walipotoa keshi mifuko yote ilifungwa, mfanyakazi akipatikana na noti zamu yake ni maswali. Na tip? Unaweza kuiongeza kwa bili, akasema, inaingia till ya kampuni, inagawanywa mwisho wa mwezi. Akanyamaza, alafu akaongeza, "ikigawanywa." Wateja wengine wanamuomba namba yake ya simu wamtumie lakini si kila msichana anataka kumpa kila mwanaume aliyeshiba namba yake, na mnajua simu za usiku zinafuata.

Nakumbuka zamani nikifanya kazi ya kuosha vyombo hapo Hurlingham, tip ndo ilikuwa nauli. Mshahara ni wa kodi ya nyumba. Mia ya mteja wa saa nane ndo inakufikisha nyumbani saa tatu. Hio mia sasa inaenda kulala kwa till ya mtu mwingine wiki nne.

Lingine dogo, nalipita haraka. Ile namba yangu niliyosoma kaunta ili nilipe, Jumanne iliyofuata ikaanza kupokea meseji, tumekukosa, njoo Jumatano upate juisi ya pili nusu bei. Sikuomba. Kuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na nilitoa namba nilipe pilau, sio tuwe marafiki. Noti ingekuwa imenitoa pale bila mtu kujua naitwa nani. Mke wangu naye aliona hio meseji kabla yangu na nikaulizwa hio juisi ya pili ilikuwa ya nani, ikabidi nimpigie anti athibitishe.

Kwa hivyo: chakula tisa kwa kumi. Wahudumu tisa. Malipo mawili, na moja ya hayo ni kwa sababu meneja alituletea maji bure tukingoja. Wakiweka kabati moja ndogo ya keshi yenye kufuli, na keshia mmoja wanayemwamini, nitarudi kubadilisha nyota siku hio hio. Na kama hawataki basi kibao kihamie mlangoni, kwa herufi kubwa, mtu ajue kabla harufu ya pilau haijamshika.

Ukienda: chaji simu na ubebe powabenki, bonyeza malipo kabla ya kumaliza chai sio baada, na ukiwa na mzazi mwenye noti zake mpeleke kwa vibanda nyuma ya Toi, kuna matumbo na chapo pale 150 na wanachukua kila kitu. Wakala yuko upande wa pili wa barabara, anafunga mapema. Pilau uliza pilipili ya kukaanga, haiko kwa menyu lakini iko jikoni.

Na tip, angalia anti alivyofanya. Wakati wa kutoka alimshika yule dada mkono kumuaga, kwa mikono miwili vile watu wazima wanashikana, akamwambia Mungu akubariki mwanangu. Mkono ulipoachana noti ya mia ilikuwa imehama. Dada akainama kama anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.